Asilimia 104 wamechanjwa na surua bado inasambaa: kampeni ipangwe kwa takwimu zipi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mratibu wa chanjo wa wilaya. Mfumo wetu unaonyesha kuwa mwaka jana tulifikia asilimia 104 ya watoto kwa dozi ya kwanza ya surua. Hata hivyo kwa miezi mitatu sasa tunapokea watoto wenye surua, na baadhi yao kadi zinaonyesha walichanjwa. Nimepewa kazi ya kuandaa kampeni ya chanjo kwa watoto wote. Takwimu ninazo nyingi kuliko ninavyoweza kuzisoma. Nianze na zipi, na nizitumie vipi ili kampeni isiishie kuwachanja tena wale wale waliokwisha kuchanjwa?"

Ndugu mratibu, sentensi yako ya mwisho ndiyo yenye swali lote. Kampeni inaweza kumaliza maelfu ya dozi, ikajaza karatasi za kuhesabia na kutangaza mafanikio, bila kumgusa hata mtoto mmoja kati ya wale wanaoifanya surua iendelee kupata pa kukaa. Kwa hiyo, kabla ya yote, takwimu zina kazi moja: kukwambia watoto waliokosa wako wapi, ni wangapi, na kwa nini walikosa. Takwimu isiyokusogeza kwenye mojawapo ya majibu hayo matatu iweke kando kwa sasa.

Tuanze na hiyo 104. Haiwezekani kuchanja watoto wengi kuliko waliopo, hivyo ama idadi ya juu ya hesabu (dozi zilizoandikwa) imezidi au idadi ya chini (watoto waliokadiriwa) imepungua. Ya juu huzidi pale watoto wa eneo jirani wanapoletwa kwenye kituo chako kwa sababu kiko karibu na kwao, au dozi za watoto waliopita mwaka mmoja zinapoandikwa kwenye safu ya walio chini ya mwaka, au ripoti moja inapoingizwa mara mbili. Lakini mara nyingi kosa kubwa liko chini, kwenye idadi ya walengwa. Idadi hiyo kwa kawaida hutoka kwenye sensa iliyosogezwa mbele mwaka hadi mwaka kwa kasi moja ya ongezeko, kana kwamba kila eneo linakua sawasawa. Makazi mapya yaliyoota pembeni ya mji hayamo humo. Waliohamia kutafuta kazi au waliokimbia mapigano hawamo. Na hao ndio ambao watoto wao hukosa chanjo.

Usiitibu 104 kwa kuandika 100. Tafuta idadi nyingine za watoto wale wale, zilizokusanywa na watu wengine kwa sababu nyingine, uziweke kando kwa kando: dozi za BCG (chanjo ya kifua kikuu) na dozi ya kwanza ya pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano), mahudhurio ya kwanza ya wajawazito kliniki, uandikishaji wa kaya wakati wa kugawa vyandarua, watoto waliohesabiwa kwenye kampeni ya polio iliyopita, daftari za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Zigeuze zote ziwe za umri mmoja kabla ya kuzilinganisha. Tuchukue mfano wa kufikirika: makadirio ya sensa yanasema watoto 9,000 walio chini ya mwaka, lakini uandikishaji wa vyandarua na kampeni ya polio vyote vinaangukia karibu na 11,500. Dozi 9,360 zilizokupa asilimia 104 sasa zinakupa 81 tu, na watoto zaidi ya 2,100 ambao jana hawakuwepo kwenye karatasi wamejitokeza. Hakuna chanzo kilicho kitakatifu hapa. Hesabu za kampeni za polio nazo huvimba pale timu inaposukumwa kufikia lengo. Lakini vyanzo viwili visivyojuana vikikubaliana, na cha sensa kikabaki peke yake, mimi ningepanga kwa vile viwili.

Kagua pia mahali ambapo hakuna namba. Katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, kisanduku kitupu na sifuri ni vitu viwili tofauti: sifuri inasema hatukuchanja mtu, kisanduku kitupu kinasema hatujui. Zikijumlishwa haraka, zote mbili hutoweka kwa namna moja. Tazama ukamilifu wa ripoti za kila kituo, mwezi kwa mwezi, kabla ya kutazama kiwango chochote cha chanjo. Kituo ambacho dozi zake zote huishia na sifuri au tano, au ambacho dozi ya tatu ya pentavalenti huizidi ya kwanza kila robo mwaka, kitembelee. Fungua rejista, hesabu kwa mkono mwezi mmoja tu, ulinganishe na kilichoripotiwa. Asubuhi moja ya kazi hiyo itakufundisha mengi kuliko wiki nzima ya michoro.

Sasa wale wagonjwa wenye kadi. Hili ndilo litakaloulizwa kwenye kila mkutano wa maandalizi, na ukilijibu vibaya wazazi watapoteza imani na chanjo nzuri. Chukua watoto 1,000, 900 kati yao wakiwa wamepata dozi moja. Dozi ya surua inayotolewa mtoto akiwa na miezi tisa hukinga takriban 85 kati ya kila 100, kwa kuwa kingamwili za mama zilizobaki mwilini huizuia isishike vizuri. Waliochanjwa wasio na kinga ni 135. Wasiochanjwa ni 100, na wote hawana kinga. Virusi vikiwafikia wote hao, utapata wagonjwa 235, na 135 kati yao, yaani asilimia 57, watakuwa na kadi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wamechanjwa, na chanjo imefanya kazi yake sawasawa: asiyechanjwa alikuwa katika hatari karibu mara saba ya mwenzake. Unapopeleka takwimu za wagonjwa kwa viongozi, usiseme kamwe ni asilimia ngapi ya wagonjwa walichanjwa bila kusema pia ni asilimia ngapi ya watoto wote walichanjwa. Idadi ya kwanza bila ya pili inapotosha, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi. Ila sehemu ya wenye kadi ikizidi sana ile unayoitegemea kwa hesabu hii, hapo kagua mnyororo baridi wa vituo husika, yaani jinsi chanjo inavyotunzwa kwenye ubaridi hadi inapotumika: kumbukumbu za joto, majokofu yaliyoharibika, chanjo iliyochanganywa ikatumika baada ya muda wake.

Hesabu hiyo hiyo inakupa sababu ya kufanya kampeni, na lini. Surua huambukiza kuliko karibu kila ugonjwa tunaoujua. Mahali ambapo hakuna aliye na kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, ndiyo maana lengo ni kuwafikia asilimia 95 kwa dozi mbili. Chini ya hapo wasio na kinga hujikusanya kila mwaka, kimya kimya. Tuseme kila mwaka wanazaliwa watoto 10,000 na dozi ya kwanza inawafikia asilimia 85. Waliokingwa ni 7,225, wanabaki 2,775. Dozi ya pili ikiwafikia 6,000 kati ya wale waliopata ya kwanza, itawaokoa karibu wote kati ya 900 ambao ya kwanza haikuwashika, na mwaka utafungwa na watoto wapatao 1,900 wasio na kinga. Katika miaka mitano wanakaribia 10,000, sawa na wanaozaliwa kwa mwaka mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kampeni ifanyike kabla ya kufikia hapo. Bila dozi ya pili, ungefika huko ndani ya miaka minne. Fanya hesabu hii kwa kila eneo dogo la wilaya yako, mwaka kwa mwaka tangu kampeni iliyopita, ukitumia idadi ya walengwa uliyoisahihisha. Utaona kuwa maeneo hayafanani hata kidogo, na kwamba baadhi yanayosifiwa kwenye ripoti yamekuwa yakijaza deni kwa muda mrefu.

Ukishafika hapo, tahadhari na ramani za rangi. Kuna mazoea ya kupaka nyekundu maeneo yaliyo chini ya asilimia 80 na kupeleka nguvu zote huko. Eneo lenye watoto 200 na kiwango cha asilimia 60 lina watoto 80 waliokosa. Eneo lenye watoto 6,000 na kiwango cha asilimia 90 lina 600, na ramani imelipaka kijani. Panga maeneo kwa idadi ya watoto waliokosa kwanza, kisha kwa asilimia. Sisemi uliache lile dogo. Watoto 80 wanaoishi pamoja, wanaocheza na kusali pamoja bila kinga, wanatosha kuwasha mlipuko. Nasema yanahitaji mipango miwili tofauti. Dogo linahitaji timu ya kutembea na mazungumzo ya subira. Kubwa linahitaji vituo vingi vya muda, siku nyingi zaidi, na watu wanaojua mitaa.

Tofautisha pia watoto ambao hawajafikiwa kabisa na wale walioanza wakaacha. Mtoto ambaye hakupata hata dozi ya kwanza ya pentavalenti huhesabiwa katika kundi la dozi sifuri. Hakuna huduma iliyomfikia, na kwa kawaida familia yake imekosa mengine mengi. Mtoto aliyepata ya kwanza akakosa ya tatu, au akafika ya tatu akakosa surua, amefika kituoni na kuna kitu kilimzuia kurudi. Pale tofauti kati ya dozi ya kwanza na ya tatu inapozidi asilimia 10 ya walioanza, tatizo liko kwenye huduma yenyewe: siku ya kliniki iliyopangwa wakati akina mama wako kazini, chanjo iliyokwisha, mzazi aliyekaripiwa kwa kusahau kadi, kichupa cha dozi kumi ambacho mhudumu hakukifungua kwa sababu watoto waliofika walikuwa wawili. Hili la mwisho linanikera kwa dhati. Kupoteza dozi nane kuna gharama, lakini mzazi aliyerudishwa na mtoto wake huenda asije tena, na gharama hiyo haiandikwi popote.

Orodha ya wagonjwa wako wa surua ni hazina. Usiiachie maabara peke yao. Iweke mstari mmoja kwa kila mgonjwa: umri kwa miezi, mahali anapoishi (si kituo alikotibiwa), tarehe vipele vilipoanza, dozi alizopata, alikosafiri. Majina yabaki kwa wanaoyahitaji kwa matibabu na ufuatiliaji tu. Umri wa wagonjwa ndio utakaoamua umri wa walengwa. Kama karibu wote wako chini ya miaka mitano, kampeni ya miezi 9 hadi 59 inatosha. Kama sehemu kubwa ni wa miaka sita hadi kumi na minne, kuna vizazi vizima vilivyorukwa miaka ya nyuma, na kampeni ya watoto wadogo pekee itawaacha shuleni wakiambukizana. Kama wengi wako chini ya miezi tisa, fikiria kuanzia miezi sita, ukikumbuka kwamba dozi ya umri huo haihesabiwi kwenye ratiba. Mtoto bado anadai dozi zake mbili za kawaida, na mzazi aambiwe hivyo siku hiyo hiyo. Tarehe za vipele, ukizirudisha miaka mitatu au minne nyuma, zitakuonyesha miezi ambayo surua hupanda. Kampeni itangulie miezi hiyo, na isiangukie kipindi ambacho barabara hazipitiki.

Historia inatupa moyo hapa. Mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, William Foege na wenzake walikuta mlipuko wa ndui huku chanjo waliyokuwa nayo haitoshi watu wote. Waliwauliza wamisionari waliokuwa na redio za mawasiliano kama kuna wagonjwa kwenye maeneo yao, wakaweka majibu kwenye ramani, wakachanja kuzunguka wagonjwa na kwenye masoko ambako ugonjwa ungeelekea. Mkakati huo wa kufuatilia wagonjwa na kuwazingira ukaja kuwa nguzo ya kazi iliyoufuta ndui duniani, jambo lililotangazwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1980. Surua huenea kwa kasi kubwa mno kuweza kuzingirwa kwa namna hiyo peke yake, lakini somo la kuwauliza walio mbali kabla ya kugawa dozi linabaki.

Ramani inastahili siku kadhaa za mpango wako. Kaskazini mwa Nigeria, wakati wa mapambano na polio, timu zilikuwa zikitegemea ramani zilizochorwa kwa mkono. Picha za setilaiti zilipoletwa zilionyesha makazi ambayo hayakuwemo kwenye mpango wowote, na simu zenye GPS walizobeba wachanjaji zikaonyesha ni wapi walipita kweli. Mwezi Agosti 2020 ukanda wa Afrika wa Shirika la Afya Duniani ulithibitishwa kuwa huru na polio ya virusi pori. Wewe huhitaji teknolojia kubwa kuanza. Weka picha ya setilaiti mezani, waite viongozi wa mitaa, wahudumu wa jamii, madereva wa pikipiki na wakunga, muulize kuhusu kila paa linaloonekana: hapa panaitwaje, nani anakaa, kituo gani kinawahudumia? Paa ambalo vituo viwili vyote vinasema ni la mwenzake, hapo umepata watoto wako. Mipaka ya vituo ndiko watoto wanakopotelea.

Kwa nini walikosa, rejista haitakwambia. Chagua maeneo matano au sita yenye waliokosa wengi, tembelea kaya chache katika kila moja, uulize wazazi bila kuwahukumu. Umbali, saa za kliniki, hofu baada ya mtoto kupata homa kali, kutojua kama kuna dozi ya pili, baba aliyekataa: kila jibu lina dawa yake. Tangazo la redio halimsaidii mama ambaye tatizo lake ni saa, na kusogeza saa hakumsaidii aliyesikia kwamba chanjo inadhuru.

Vifaa vinafuata hesabu ukishakuwa na walengwa wa kweli. Zidisha walengwa kwa 1.11 kufidia upotevu wa asilimia 10 unaokubalika kwenye kampeni ya surua. Agiza sirinji ya kuchanjia kwa kila dozi, ya kuchanganyia kwa kila kichupa, na kisanduku cha usalama kwa kila sirinji mia hivi. Kichupa kikishachanganywa kitupwe baada ya saa sita au kipindi cha kuchanja kikiisha, lolote litangulie. Mchanjaji mmoja kwenye kituo chenye watu wengi huweza kuhudumia watoto 100 hadi 150 kwa siku. Kwenye makazi yaliyotawanyika mpangie pungufu ya hapo. Ukitumia wastani mmoja kwa wilaya nzima, timu za mbali zitaandika watoto ambao hawakuwaona.

Ongeza safu moja kwenye karatasi ya kuhesabia: mtoto huyu amewahi kupata dozi ya surua, au hii ndiyo ya kwanza? Nakusihi sana juu ya hili. Bila safu hiyo utamaliza na dozi 50,000 bila kujua kama ulimfikia mtoto mpya hata mmoja. Nayo iangalie kila jioni. Timu ambayo siku mbili mfululizo haijakutana na mtoto wa dozi ya kwanza, katika eneo ambalo hesabu zako zinasema wapo mamia, iko mahali pasipofaa. Ihamishe asubuhi inayofuata, usisubiri tathmini.

Uhakiki usifanywe na waliochanja. Mtu mwingine aingie eneo kabla timu haijaondoka, atafute watoto 20 nyumba kwa nyumba, hasa zile za mwisho wa njia, atazame alama ya wino wanayopakwa waliochanjwa kidoleni. Akikuta wawili au zaidi wasiochanjwa, timu irudi. Kampeni za polio hutumia pia sampuli ya watoto 60, kumi kutoka kila moja ya vikundi sita vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Wasiochanjwa wakiwa watatu au pungufu, eneo huchukuliwa limefikia asilimia 90. Baadaye ufanyike utafiti wa kaya wenye sampuli sahihi. Kiwango chake kikiwa chini ya kile cha karatasi za kuhesabia, kama ilivyo kawaida, uamini utafiti na utangaze namba hiyo.

Kisha watoto waliokutwa bila dozi yoyote waandikwe kwenye orodha, nayo ikabidhiwe kituo cha karibu ndani ya wiki moja, mtaa kwa mtaa, na mhudumu wa jamii anayewajibika kwa kila mtaa. Dozi ya kampeni iliwakinga na surua tu. Bado wako wazi kwa kifaduro, dondakoo, pepopunda na polio. Robo mwaka inayofuata, fungua mfumo uangalie dozi ya kwanza ya pentavalenti katika vituo hivyo hivyo, pamoja na za watoto waliopita mwaka mmoja. Kama haijapanda popote, orodha imelala kwenye droo ya mtu, na ni juu yako kuifuata.